Laura Pausini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, na majibu ya shabiki wa siku nyingi

Huyu Laura Pausini ni nani hasa?

Mwimbaji wa pop wa Italia. Kazaliwa Faenza tarehe 16 Mei 1974, kakulia Solarolo, kamji kadogo tu mkoa wa Ravenna. Baba yake, Fabrizio, alikuwa mwanamuziki, wale wa kupiga kinanda na kuimba kwenye mabaa na mahoteli watu wakila, mama yake mwalimu wa chekechea. Stejini alipanda mara ya kwanza siku anatimiza miaka 8, pembeni ya baba yake, na tangu hapo usiku mwingi wa utoto wake uliishia humo humo, anaimba nyimbo za watu wengine mbele ya watu wanaokata nyama. Mi naona hiyo ndo shule yake kubwa kuliko zote, manake mtu aliyezoea kuimba kwa watu ambao hata hawamwangalii, akija kupewa uwanja mzima unaomwangalia yeye tu hapati shida.

Shuleni alisomea sanaa, tena ufinyanzi, si ajabu maana Faenza ni mji wa vyombo vya udongo tangu zamani. Na 1987, akiwa na miaka 13, baba yake alishamtengenezea albamu moja ya nyumbani nyumbani, *I sogni di Laura*, ambayo haikufika mbali.

Wimbo uliomtoa ni upi?

*La solitudine*, Februari 1993, tamasha la Sanremo, ana miaka 18. Aliingia kundi la chipukizi akashinda, fainali ilikuwa tarehe 27, na nambari mbili wa kundi hilo alikuwa Gerardina Trovato, ambaye naye alikuwa mkali sana, kama humjui mtafute. Usiku huo huo upande wa wakubwa, yaani waimbaji wenye majina tayari, aliyeshinda ni Enrico Ruggeri. Sasa nenda barabarani leo nje ya Italia uulize watu ule wimbo wa Ruggeri ulikuwa upi, halafu waulize *La solitudine*, utapata jibu lako.

Wimbo wenyewe hakuutunga yeye, waliutunga Angelo Valsiglio, Pietro Cremonesi na Federico Cavalli. Kisa chake cha kishule kabisa: kuna kijana anaitwa Marco kaondoka hatarudi tena, treni ya saa 1 na nusu asubuhi inakuja bila yeye, dawati darasani tupu, binti anawaza labda kijana naye huko aliko kajifungia chumbani hataki kula, na nyuma ya yote hayo kuna baba aliyemhamisha kijana kwa ajili ya kazi yake. Hakuna usaliti humo, hakuna mwanamke mwingine, ni watoto wawili wametenganishwa na uamuzi wa watu wazima basi. Mtu mwenye miaka 18 akiimba hivyo unamuamini, angeimba wa miaka 35 ungecheka.

Sikiliza pia unavyopangwa. Ubeti unaanza chini, karibu anaongea, anahesabu tu vitu vidogo vidogo vya asubuhi. Halafu kiitikio kinampandisha ghafla na pale ndo unagundua huyu mtoto ana sauti. Huo mpango wa kuanza chini kabisa halafu kupasua ameutumia miaka 30 na kitu, wapo wanaomlaumu kwamba anajirudia, na kusema kweli hawajakosea sana.

Huyo Marco ni mtu wa kweli?

Kinachosimuliwa ni kwamba mashairi ya mwanzo yalikuwa na jina la Anna, likabadilishwa likawa Marco kwa vile Laura mwenyewe alikuwa na mpenzi mwenye jina hilo kipindi hicho. Zaidi ya hapo sidhani kuna umuhimu wa kumchimba huyo kaka wa watu.

Sanremo ndo nini? Ni shindano au shoo?

Vyote. Ni tamasha la nyimbo linalofanyika kila mwaka tangu 1951 kwenye mji wa Sanremo, pwani ya Liguria karibu na mpaka wa Ufaransa, siku hizi ukumbi wake ni Teatro Ariston. RAI, TV ya taifa ya Italia, inarusha laivu siku kadhaa mfululizo mpaka usiku wa manane na Italia nzima inagombana kuhusu nani kaimba vibaya na nani kavaa nini. Kundi la chipukizi ndo mlango ambao mastaa wengi walipitia, Eros Ramazzotti alishinda humo 1984, Andrea Bocelli 1994. Laura mwaka uliofuata, yaani huo huo 1994, alirudi na wakubwa akiwa na *Strani amori* akashika nafasi ya tatu. Kabla ya Sanremo alishajaribu tamasha la Castrocaro 1991 na hakushinda, kwa hiyo usidhani mambo yalianguka tu kutoka mbinguni.

Mbona kila albamu yake nakuta ziko mbili, majina tofauti lakini muziki ule ule?

Hapa ndo kiini cha kazi yake yote na watu wengi wanapapita haraka.

Moja ni ya Kiitaliano na nyingine ya Kihispania. *Le cose che vivi* ya 1996 ina pacha wake *Las cosas que vives*. *La mia risposta* ya 1998 ina *Mi respuesta*. *Tra te e il mare* ya 2000 ina *Entre tú y mil mares*, *Resta in ascolto* ya 2004 ina *Escucha*, na hivyo hivyo mpaka *Fatti sentire* na *Hazte sentir* za 2018 na *Anime parallele* na *Almas paralelas* za 2023. Vyombo vinabaki vile vile, ila mashairi yanaandikwa upya na yeye anaingia studio kuimba yote tena kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi mara mbili, matangazo mara mbili, mahojiano mara mbili, video mara nyingi mbili pia.

Yote yalianza 1994, baada ya albamu mbili za Kiitaliano lebo ikachukua nyimbo kali za zote mbili zikatolewa kwa Kihispania kwenye albamu moja yenye jina lake tu. *La soledad*, *Se fue*, *Amores extraños*, ukikutana na mtu wa Colombia au Mexico mwenye miaka arobaini na kitu mwimbie neno moja tu la *Se fue* uone kama hatamalizia mwenyewe. Hispania peke yake mauzo ya albamu ile yalipita kopi milioni moja.

Lakini si yeye aliyegundua mbinu hii. Mwimbaji mwenzao Mina alishaimba kwa Kihispania, Kijerumani na hata Kijapani miaka ya 60, na Eros Ramazzotti alikuwa anatoa matoleo ya Kihispania kabla ya Laura. Tofauti ni kwamba kwa wengi lile toleo la Kihispania linasikika kama kazi ya ziada, lafudhi inakwama kwama, unajua kabisa huyu kasomewa. Laura alikaa nayo mpaka ikawa lugha yake, anatania nayo, anagombana nayo kwenye TV. Kwa maoni yangu sauti nzuri Italia zipo nyingi (mwimbaji mwenzake Giorgia kiufundi anamzidi, nimesema, nitukaneni), kilichomfikisha huyu alikofika ni kukubali kuifanya kila kazi mara mbili kwa miaka 30 bila kuchoka.

Kwani Brazil nako vipi? Naona anapendwa sana.

Brazil ni kisa chake peke yake. Renato Russo, yule kiongozi wa bendi ya Legião Urbana, mwaka 1995 alitoa *Equilíbrio Distante*, albamu nzima kaimba kwa Kiitaliano, na humo kaweka *La solitudine* na *Strani amori*. Sasa fikiria, mwanamuziki wa roki anayeheshimiwa kuliko wote kwenye nchi yake anachukua nyimbo za binti wa miaka 20 wa pop tena bila kuona aibu. Baadae Sandy na Junior, waimbaji wawili ndugu wa huko Brazil, wakafanya *Inesquecível*, ambayo ni *Incancellabile* ya Laura kwa Kireno, na Laura mwenyewe kairekodi Kireno pia. Tangu hapo Brazil anakwenda kama anakwenda kwao.

Anaimba lugha ngapi?

Kiitaliano, Kihispania, Kireno, Kifaransa na Kiingereza, hizo ndo za kurekodi mara kwa mara. Kifaransa kuna kolabo nzuri ya 2003 na Hélène Ségara. Kiingereza soma hapo chini.

Kwa nini Marekani na Uingereza hakutoboa kwa Kiingereza?

Si kwamba hakujaribu. *La solitudine* ilipata toleo la Kiingereza na mashairi aliandika Tim Rice, mzee wa michezo ya jukwaani ya London, sio mtu mdogo huyo. 1999 akaimba *One More Time* kwenye filamu ya *Message in a Bottle*. Halafu 2002 ikaja albamu kamili ya Kiingereza, *From the Inside*, chini ya lebo ya Atlantic.

Ishu ilikuwa hapa: wimbo wa *Surrender* ulipigiwa remiksi za klabu ukafika namba moja kwenye chati ya Billboard ya madisko. Ukisikia hivyo unasema safi si ndo mafanikio, lakini mwanamke aliyejengwa kwa nyimbo za kusimama mbele ya maiki na kulia anauzwa kama msanii wa disko, haikumkaa na hakuificha. Wanunuzi wa albamu hawakumuelewa, wachezaji wa disko nao hawakununua albamu. Kilichofuata hakuendelea kulazimisha, akarudi nyumbani na 2004 akatoa *Resta in ascolto*, ambayo kwangu mimi ni albamu yake bora, ina hasira kidogo, ina magitaa, na humo kuna *Mi abbandono a te* ambao asili yake ni wimbo wa Madonna na Rick Nowels, Laura akauandikia maneno ya Kiitaliano.

Na kejeli ya mambo ni kwamba pacha wa albamu hiyo hiyo, *Escucha*, ndiyo iliyomletea Grammy huko huko Marekani.

Hiyo Grammy, ni kweli ni mwanamke wa kwanza wa Italia kuipata?

Aliipata Februari 2006, albamu bora ya pop ya Kilatini. Utaona kila mahali imeandikwa "Muitalia wa kwanza mwanamke", ila waungwana, waimbaji wa opera mmewasahau. Cecilia Bartoli alishazibeba miaka ya 90. Sema mwanamke wa kwanza wa Italia kwenye pop, hapo tutaelewana.

Ukija kwenye Latin Grammy, ambayo ni tuzo nyingine tofauti msichanganye, anazo za 2005, 2007, 2009 na 2018. Na 2023 walimpa heshima ya Mtu wa Mwaka, sherehe zilifanyika Sevilla, akiwa wa kwanza kuipokea ambaye lugha ya kwao si Kihispania wala Kireno. Miaka 30 ya kurekodi mara mbili ikalipa kwa siku moja.

Nyimbo zake anaandika mwenyewe?

Mwanzoni hapana, kuanzia *Le cose che vivi* ndo jina lake linaanza kuonekana sana kwenye mashairi, mara nyingi pamoja na Cheope, mtoto wa Mogol, huyo Mogol ndo aliyemwandikia Lucio Battisti kwa hiyo ni ukoo wa mashairi. Baadae Niccolò Agliardi. Lakini hiti zake kadhaa kubwa zimetoka kwa mwimbaji mwenzake Biagio Antonacci: *Tra te e il mare* ni yake, *Vivimi* ni yake. Hiyo *Vivimi* kwa Kihispania ni *Víveme* na ndiyo ilikuwa wimbo wa tamthilia ya Mexico *La madrastra* mwaka 2005, kwa hiyo kama nyumbani kwenu kulikuwa na mtu wa tamthilia huenda unaujua bila kujua kwamba unaujua. 2019 Laura na Biagio walizunguka viwanja vya Italia pamoja.

Phil Collins naye aliwahi kumwandikia mmoja, *Looking for an Angel*, kwenye albamu ya 1998. Hausikiki sana siku hizi.

San Siro kulitokea nini mpaka mashabiki wanaitaja kila saa?

Tarehe 2 Juni 2007, sikukuu ya Jamhuri Italia. San Siro ni uwanja wa Milan na Inter, na mpaka siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa amefanya shoo yake mwenyewe pale. Waliingia watu kama elfu 70, halafu mvua ikashuka, sio manyunyu, mvua. Tafuta ile video utazame nywele zimemlowa zimeganda usoni, vipodozi vimekwisha, jukwaa linateleza na yeye anakimbia nalo hivyo hivyo, na watu hawajaondoka. Kwa mwimbaji mwingine ungesema shoo imeharibika. DVD ilitolewa na mvua yake yote.

Miaka miwili mbele, tarehe 21 Juni 2009, akarudi pale pale safari hii na wenzake. Mwezi wa nne tetemeko lilikuwa limeibomoa L'Aquila, mji wa Abruzzo, basi wakaandaa *Amiche per l'Abruzzo* kuchangisha pesa, wanawake watupu jukwaani: Laura, Giorgia, Elisa, Gianna Nannini, Fiorella Mannoia na kundi kubwa la wengine. Na 2018 akawa mwanamke wa kwanza kufanya shoo yake Circo Massimo, Roma, siku mbili mfululizo.

Oscar alishinda?

Hapana, aliteuliwa. Wimbo ni *Io sì*, wa filamu ya Sophia Loren ya 2020 iliyoongozwa na mwanawe Loren, Edoardo Ponti. Aliandika na Diane Warren na Niccolò Agliardi. Golden Globe ya 2021 aliibeba kabisa, Oscar ikaenda kwa mwimbaji H.E.R. Kwa Diane Warren kukosa Oscar ni kama desturi maskini, ameteuliwa mara nyingi na ile ya kushindaniwa hapati.

Alishawahi kushindana Eurovision, lile shindano la nyimbo la nchi za Ulaya?

Hajawahi. 1993 Italia ilimpeleka Ruggeri, halafu nchi ikajitoa, ikarudi 1997 mara moja tu, ikajitoa tena mpaka 2011, na miaka hiyo ndo Laura alikuwa anapanda kwa hiyo hata angetaka asingeweza. Alipofika ni kama mwendeshaji, 2022 huko Torino, pamoja na Mika na Alessandro Cattelan, baada ya bendi ya Italia Måneskin kushinda 2021. Usiku wa fainali alipotea stejini kwa muda, watu wakaanza kuuliza mitandaoni Laura yuko wapi, ikaja kujulikana alikuwa hajisikii vizuri na siku chache baadae akapima akakutwa na korona.

Ile kelele ya *Bella ciao* ilikuwa nini?

Septemba 2022 alikuwa mgeni kwenye *El Hormiguero*, shoo ya TV ya Hispania, kwenye mchezo wakaanza kuimba *Bella ciao* na yeye akakataa, akasema ni wimbo wa siasa sana. Wengine huko Hispania wanaujua kutoka ile tamthilia ya wezi wa benki tu, lakini Italia ni wimbo wa wapiganaji waliopinga ufashisti, na uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki wiki mbili hivi. Moto ukawaka. Wengine wakasema kukataa wimbo wa kupinga ufashisti ni siasa tayari, wengine wakasema mwacheni kazi yake ni mapenzi na machozi. Yeye akaandika kwamba haimbi nyimbo za siasa, ziwe za kulia au za kushoto, na kwamba ufashisti anauchukia. Mi naona alikuwa na haki ya kukataa ila sababu aliyoitoa ilikuwa mbovu, angesema tu hataki.

Ameuza kopi ngapi?

Lebo yake inasema zaidi ya milioni 70. Hesabu za lebo kila mtu anazijua zilivyo, chukua kama ilivyo.

Kaolewa? Ana watoto?

Yuko na Paolo Carta, mpiga gitaa na prodyuza wake wa miaka mingi. Binti yao Paola alizaliwa Februari 2013, ndoa wakafunga Machi 2023.

TV anafanya nini? Nimemuona kama jaji.

Ndiyo, *La Voz*, shindano la waimbaji, ya Mexico na ya Hispania, halafu *La Banda* ya Univision huko Marekani akiwa na Ricky Martin na Alejandro Sanz, shoo iliyotengeneza kundi la CNCO. 2016 pia alikuwa na shoo yake RAI pamoja na Paola Cortellesi. Ni mcheshi sana kwenye TV, anaongea bila breki na lafudhi ya kwao Romagna haifichiki, ukimjua kwa zile nyimbo za huzuni tu utashangaa.

Siku hizi anafanya vizuri laivu au umri umeshamshika?

Sauti imeshuka kidogo na kuwa nzito, nyimbo kadhaa za zamani anaziimba chini zaidi, kawaida kwa mtu aliyeanza na miaka 8. Pumzi bado anayo. Tarehe 27 Februari 2023, miaka 30 kamili tangu ile fainali ya Sanremo, alifanya shoo tatu ndani ya saa 24: New York, Madrid, Milano, yaani anamaliza anapanda ndege anaimba tena. Wengine waliona ni sarakasi ya matangazo, na ilikuwa, lakini jaribu wewe.

Sijui Kiitaliano wala Kihispania, nianzie wapi?

Waliokulia Malindi wana afadhali, Kiitaliano wanakisikia mpaka sokoni. Sisi wengine anza na *La solitudine* ile ya 1993, sio marudio ya baadae yenye okestra, ile ya mwanzo na kinanda chake cha kizamani. Halafu *Strani amori*, *Incancellabile*, *Vivimi*. Ukishazoea nenda *Resta in ascolto* albamu nzima bila kuruka. Kama unapenda kujua wenzao wa Italia wanaimbaga nini, *Io canto* ya 2006 ni marudio ya nyimbo za wengine, utapata mlango wa kuwajua hao wengine pia. Ukitaka kolabo kuna ile na James Blunt ya *Primavera in anticipo*, na kuna *Limpido* na Kylie Minogue ya 2013 ambayo ni ya kuchangamka.

*From the Inside* acha mwisho kabisa. Na ukipata muda cheza wimbo mmoja kwa Kiitaliano halafu ule ule kwa Kihispania mfululizo, mfano *E ritorno da te* na *Volveré junto a ti*, usisome mashairi, sikiliza tu anakovuta pumzi, utaona hayuko sehemu zile zile.